Nilisema Naumwa, Mkaacha Kunisikiliza



Naanza na tembo, kwa sababu kila kitu kilianzia kwa tembo.

Kwetu Natta, wilaya ya Serengeti, ukilima upande wa hifadhi ujue unalima na mwenzako. Mahindi yakikaribia kukomaa wanaingia usiku, asubuhi unakuta shamba limekuwa uwanja wa mpira. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama. Upo kwenye kanuni tangu 2011. Kupewa fomu ni jambo moja, kupewa jibu ni jambo lingine kabisa.

Likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni nilikaa nyumbani nikaamua kuifanyia kazi hiyo kanuni. Nilinunua daftari kubwa la kaunta, nikapita kaya kwa kaya: jina, ekari ngapi, zimeliwa lini, fomu ilijazwa lini, nani aliipokea, jibu lilikuja au halikuja. Nikaandika waraka wa kurasa sita, nikausoma kwenye kikao cha vijana Mugumu. Mzee mmoja mlezi wetu alisimama akasema, "Huyu binti ndiye mwanasheria wetu." Watu wakapiga makofi, mimi nikatazama chini kwa aibu, ila moyoni nilivimba.

Miezi minane baadaye nikausoma waraka uleule. Kurasa zilezile sita. Kikao kingine, sura nyingi zilezile. Nilipomaliza, ndugu yangu mmoja ambaye tumelala naye kwenye sakafu moja wakati wa kampeni akanyoosha mkono na kuuliza kwa upole kabisa: "Samahani dada, hizi takwimu ulizikusanya ukiwa mzima?"

Katikati ya vikao hivyo viwili nilikuwa nimefanya jambo moja tu jipya. Nilikuwa nimesema naumwa.

Nina baipola. Kwa asiyejua, ni ugonjwa wa akili unaokupandisha juu kupita kiasi, usingizi unakata, mawazo yanakimbia kama bodaboda imekatika breki, unajiona unaweza kila kitu. Halafu unakushusha, na ukishuka hata kutoka kitandani kwenda kuoga inakuwa kazi ya siku nzima. Ulinishika vizuri nikiwa mwaka wa tatu. Niliahirisha muhula, nikalazwa, nikapewa dawa, nikarudi. Nameza vidonge kila usiku saa tatu. Hayo ndiyo yote niliyoyasema kwenye semina moja ya vijana, kipindi cha "changamoto zetu". Nilipomaliza watu walinikumbatia. Dada mmoja alilia. Nikaambiwa mimi ni jasiri.

Jamani, nimejifunza kuogopa neno hilo. Ukiona kwenye chama umeitwa jasiri kwa jambo ambalo si la kisiasa, angalia ratiba ya wazungumzaji wiki inayofuata. Mimi sikuwepo. Nikaondolewa kwenye timu ya sheria "upumzike kwanza". Sikuwa nimeomba kupumzika. Nikikasirika kwenye kikao, kama sote tunavyokasirika, mtu anamnong'oneza mwenzake. Nikinyamaza, napigiwa simu usiku kuulizwa kama nimekula dawa. Nikicheka sana, hivyo hivyo. Yaani nimebaki na kiwango kimoja tu cha sauti ninachoruhusiwa, na sijawahi kuambiwa ni kipi.

Sasa niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli hainisaidii. Kuna wiki tatu ambazo hata mimi sizitetei. Kabla sijalazwa nilikuwa natuma ujumbe kwenye grupu saa tisa usiku, mmoja baada ya mwingine. Nilitangaza kwamba Jumatatu inayofuata namfikisha Rais mahakamani. Nilikopa hela ya watu kuchapisha fulana. Nilimtuhumu kamanda mmoja kwamba anauza siri zetu, na haikuwa kweli. Nilishamwomba radhi mbele ya watu, na leo naomba tena. Kwa hiyo mtu akiniuliza "ulikuwa mzima?" siwezi kusema swali halina mguu hata mmoja wa kusimamia. Linao.

Lakini daftari lipo. Lina tarehe. Nililiandika karibu mwaka mzima kabla ya hizo wiki tatu. Wenye mashamba wapo, namba zao za simu zipo, nakala za fomu zipo. Aliyekuwa na shaka angeweza kuomba daftari akampigia mzee mmoja tu, dakika tano, akajua. Hakuna aliyeliomba. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Hamkuupima ushahidi mkaukuta mbovu, mlimpima shahidi kwa jina la ugonjwa wake, mkafunga jalada.

Mahakama zetu, ambazo sisi hapa tunazisema kila siku, haziruhusiwi kufanya hivyo. Kila mwanafunzi wa sheria amekariri kifungu kimoja cha Sheria ya Ushahidi. Kinasema kila mtu anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa kama mahakama itaona hawezi kuelewa maswali anayoulizwa au kuyajibu kwa akili, iwe kwa sababu ya utoto, uzee uliokithiri au ugonjwa wa mwili au wa akili. Tazama kipimo kilipowekwa. Hakimu haulizwi huyu ana ugonjwa gani. Anaulizwa je, anaelewa swali, anajibu linaloeleweka? Na sheria hiyohiyo inaendelea kusema wazi kwamba mwenye ugonjwa wa akili ni shahidi halali maadamu hali yake haimzuii kuelewa na kujibu. Kama aliyoyasema ni kweli au si kweli, hilo linapimwa kwa maswali na kwa ushahidi mwingine, kama kwa shahidi yeyote. Kifungu hicho kimetungwa na Bunge la mwaka 1967, la chama kimoja huku Bara. Sisi wa mageuzi tumeshindwa kukifikia.

Halafu tuongelee midomo yetu. Fungua ukurasa wowote wa vijana wa upinzani, huu ukiwemo. Waziri akitoa kauli ya ajabu: "Apelekwe Mirembe." Mbunge akisifia kupita kiasi: "Nati zimelegea." Aliyehama chama: "Kadata." Na mimi nimewahi kuandika hivyo, nikapata likes nyingi tu. Mirembe ni hospitali pale Dodoma, ipo tangu enzi za Mwingereza, watu wanaingia wanatibiwa wanatoka. Lakini kwenye lugha yetu imekuwa tusi. Wakenya wana Mathare, Waganda wana Butabika, ndugu zetu wa Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Kila nchi imechukua hospitali yake kubwa ya wagonjwa wa akili ikaigeuza fimbo ya kumchapia mtu usiyetaka kumjibu. Waziri akisema uongo, sema ni uongo, weka namba mezani. Ukisema ni kichaa umemsamehe, maana kichaa hana kosa. Mimi ndiye nimebaki na fimbo mgongoni.

Na hiyo fimbo mnayoinoa, makamanda, inajua njia ya kurudi nyumbani.

Aprili 2017 pale Uganda, Dr. Stella Nyanzi wa Makerere alikamatwa. Alikuwa ameandika Facebook akimfananisha Rais Museveni na makalio, katika vuguvugu la kudai taulo za kike kwa wasichana wa shule ambazo serikali iliahidi wakati wa kampeni kisha ikasema hakuna fedha. Alishtakiwa kwa makosa ya mtandaoni. Lakini waendesha mashtaka hawakuishia hapo. Waliiomba mahakama apimwe akili, wakitumia sheria ya wagonjwa wa akili iliyotungwa na wakoloni mwaka 1938. Fikiria hilo ombi lingepita. Swali la taulo za kike lingekufa palepale, kwa sababu nani anamjibu mwendawazimu? Nyanzi alikataa kupimwa, na mawakili wake wakaenda Mahakama ya Katiba kuipinga sheria yenyewe. Alikaa Luzira zaidi ya mwezi kabla ya kupata dhamana.

Wangari Maathai naye, alipopinga jengo refu lisijengwe Uhuru Park mwaka 1989, aliitwa mwendawazimu na wakubwa wa Kenya. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 akapewa Nobel. Umoja wa Kisovieti uliwafungia wapinzani kwenye hospitali za akili kwa ugonjwa ambao madaktari wa nchi nyingi hata hawakuutambua, dalili zake zikiwemo kung'ang'ania kurekebisha jamii. Kwa kipimo hicho sisi wote humu tungelazwa.

Nyanzi na Maathai hawakuwa wamesema wanaumwa. Walibandikwa. Mimi nimesema mwenyewe, tena naumwa kweli. Watu wetu wanaona hizi ni habari mbili tofauti: ya kwanza ni uonevu wa dola, ya pili ni "tahadhari tu ya chama". Mimi naona ni kitu kimoja. Hila ya dola inafanya kazi kwa sababu moja tu, kwamba umma umeshakubali kuwa mwenye ugonjwa wa akili hana la kusema. Tukiliacha hilo lisimame, tumewaachia silaha imejaa risasi. Siku watakapotaka kumnyamazisha kiongozi wetu hawatahitaji hata kumfungulia kesi. Cheti kitatosha, na sisi wenyewe tutaanza kunong'onezana.

Hofu ya chama naielewa. Kikao kimoja niliambiwa kwa sauti ya upendo: "Mura, sisi hatuna shida na wewe, ila wale watakutumia kutupiga." (Aliyesema ni wa Tarime, kwao hata sisi wasichana tukikomaa kisiasa tunaitwa mura.) Hofu hiyo ina historia ndefu kuliko chama chetu. Julai 1972, chama cha Democratic cha Marekani kilikuwa upinzani, kinapambana na Nixon. Mgombea mwenza wao, Seneta Thomas Eagleton wa Missouri, akakiri hadharani kwamba miaka ya 1960 alilazwa mara tatu kwa sonona na kutibiwa kwa mshtuko wa umeme. Mgombea urais, George McGovern, alisema yuko naye asilimia elfu moja. Siku chache baadaye akamwacha. Eagleton alidumu siku 18. Je, kumtosa kuliwaokoa? McGovern alishinda jimbo moja tu, Massachusetts, pamoja na mji mkuu. Watu wa Missouri wao wakamrudisha Eagleton Seneti mwaka 1974 na tena 1980. Na yule Nixon aliyekuwa na akili timamu, alijiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate.

Norway walikwenda njia nyingine. Mwaka 1998 waziri mkuu wao, Kjell Magne Bondevik, alitangaza kwamba ana sonona, akachukua likizo ya ugonjwa ya wiki zaidi ya tatu, akarudi ofisini. Mwaka 2001 akawa waziri mkuu tena. Najua mtaniambia Norway si Tanzania. Sawa, na Natta si Norway, ila hebu nisimulie ya bibi yangu.

Bibi hakusoma hata darasa la kwanza. Nilipoumwa, kabla sijapelekwa hospitali, alinipeleka kwanza kwa mtaalamu, na sitawadanganya kwamba ilinisaidia, tulipoteza wiki mbili na mbuzi. Lakini nilipotoka hospitali, nikiwa bado nimevimba uso kwa dawa, siku ya nne alinipa hela ya mtama niende Mugumu nikamlipie deni dukani na kumletea sabuni na chumvi. Nikarudi jioni nikampa chenji. Hakuihesabu. Kwake yeye nilikuwa nimeumwa na nimepona, kama mtu aliyetoka malaria, na kama itarudi basi itarudi, tutaona. Wenzangu wenye digrii ndio wanaonihesabia chenji hadi leo.

Novemba 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27, mnakumbuka jinsi wagombea wetu walivyoenguliwa kama nyasi. Huyu kakosea kujaza fomu, yule eti hajui kusoma. Nilipanda gari nikaja nyumbani kusaidia kuandika rufaa. Siku za kukata rufaa zilikuwa chache, wanaojua kuziandika wachache zaidi. Niliandika usiku kucha kwa mwanga wa simu. Asubuhi nikaambiwa rufaa ni nzuri, tunashukuru, ila zisionekane zimetoka kwako, atasaini na kuziwasilisha mtu mwingine. Kumbe akili yangu inafaa, jina langu ndilo halifai! Nilikubali, kwa sababu wagombea walikuwa muhimu kuliko mimi. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kama nilikosea.

Sasa tuje kwenye Katiba, maana tunaiimba kila mkutano. Soma ibara ya 5. Inampa kila raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, kisha ibara ndogo ya pili inaliruhusu Bunge kumzuia kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni kuwa na ugonjwa wa akili. Hivyo tu. Hata neno la kuthibitishwa halimo. Ibara ya 67 inamwondolea sifa ya ubunge mtu aliyethibitishwa rasmi kuwa na ugonjwa wa akili. Ugonjwa gani? Wa kiwango gani? Akipona? Kimya. Sonona ni ugonjwa wa akili. Wasiwasi uliopitiliza ni ugonjwa wa akili. Nusu ya ofisi yetu ingechunguzwa vizuri baada ya kampeni, sijui nani angebaki kwenye daftari la wapiga kura. Nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao unawahesabu hata wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu na unawapa haki ya kupiga kura na kugombea sawa na wengine. Tumesaini, tumeweka kabatini.

Uingereza, ambako ndiko sheria zetu nyingi zilikotoka, walikuwa na kifungu kilichomvua mbunge kiti akilazwa kwa nguvu kwa ugonjwa wa akili kwa zaidi ya miezi sita. Juni 2012 wabunge wawili, Charles Walker wa chama tawala na Kevan Jones wa upinzani, walisimama bungeni wakasema hadharani wanaumwa nini. Mwaka uliofuata kifungu kile kikafutwa.

Hapa kwetu unaweza kusema basi twende mahakamani. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichowanyima kura wafungwa wa zaidi ya miezi sita, na waliofungua kesi ile ni vijana wanaharakati. Ila kulikuwa na mtego. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aambatanishe kiapo kueleza namna yeye binafsi alivyoathirika. Kwa kesi hii maana yake ilikuwa nini? Ilikuwa lazima mtu aape, kwa jina lake, kwenye jalada la wazi, kwamba ana ugonjwa wa akili. Ajivue heshima kwanza ndipo aruhusiwe kudai heshima. Mwanasheria kijana anayetaka kusajiliwa uwakili, binti ambaye hajaolewa, mwalimu wa serikali, nani angekula kiapo hicho?

Na msisahau kifungu cha Kanuni ya Adhabu ambacho kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Kenya wamekuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Jaji Mugambi wa Mahakama Kuu Nairobi alisema kinakiuka katiba yao. Sisi hatujaandika hata tamko la nusu ukurasa.

Naomba mambo haya. Rasimu ya chama ya mapendekezo ya Katiba Mpya iguse ibara ya 5 na ya 67: kama kuna kipimo, kiwe cha uwezo wa mtu wakati ule, kithibitishwe na mahakama, na kiwe na mwisho. Kiongozi wa vijana akiumwa, iwe akili au figo, apate likizo, na akipona akute nafasi yake, asikute "tumekupumzisha". Neno Mirembe litoke kwenye mabango yetu. Mtu akiwa na shaka na hali yangu aniulize mimi, mapema, kabla ya kikao, siyo mbele ya watu hamsini kwa sauti ya upole. Na kama kweli nimeanza kupanda, kwa maana inaweza kurudi, nimeshaandika kwenye karatasi majina ya watu wawili ninaowaruhusu waninyang'anye simu. Karatasi hiyo anayo katibu. Sijui wangapi wenu mmejiwekea kinga ya namna hiyo dhidi ya hasira zenu.

Kikao kijacho cha vijana wa wilaya nimeomba dakika kumi na tano, nimepewa saba. Nitasoma waraka wa tembo kwa mara ya tatu, kurasa sita zilezile, pamoja na nyongeza ya msimu huu, kwa sababu mahindi yameliwa tena. Daftari la kaunta nitaliweka juu ya meza ya mbele, na namba za wazee zimo ukurasa wa kwanza.